Barabara Imechukua Saa Zetu, Tusiiachie Simu Zilizobaki

Katika jiji la Dar es Salaam umbali haupimwi kwa kilomita. Muulizeni mkazi wa Chanika, wa Mbagala Rangi Tatu, wa Kibamba au wa Bunju ni mbali kiasi gani kutoka kwake mpaka Kariakoo, naye atawajibu kwa saa. Tena kabla ya kujibu atauliza kwanza: asubuhi au mchana? Jumatatu au Jumapili? Kuna mvua au hakuna? Maswali hayo yana elimu ndani yake. Aliyeyapata hakuyapata darasani, aliyapata akiwa amesimama, mkono mmoja ukishika bomba la daladala na mwingine ukilinda mfuko.

Mtu wa aina hiyo ana maoni yake kuhusu mambo ya dunia, ingawa haalikwi kwenye semina wala hahojiwi redioni. Wiki hii tumeona vyema kuyaweka mezani maoni hayo juu ya mambo matatu yanayomkuta kila siku kabla hajanywa chai: safari ya mjini, simu iliyo mkononi mwake, na habari zinazoingia katika simu hiyo. Sisi twayaona mambo hayo kuwa ni jambo moja lenye milango mitatu. Kila mlango unadai saa za mzazi, na saa hizo ndizo ambazo watoto wake walikuwa wakizisubiri.

Mji uliokua kuliko njia zake

Tuanze na barabara. Sensa ya mwaka 2002 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu wapatao milioni 2.5. Ile ya mwaka 2012 ikahesabu zaidi ya milioni 4.3, na ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka 20 watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Wengi wao hawakupata nafasi katikati ya mji. Walinunua viwanja pembezoni, wakajenga chumba kimoja kimoja, wakahamia kabla ya plasta kukauka. Nyumba zikasogea nje, lakini kazi zikabaki palepale: soko la Kariakoo, maofisi ya Posta, bandari, hospitali ya Muhimbili.

Itazameni ramani. Barabara kubwa ziingiazo mjini ni nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Zimekaa kama vidole vya mkono ulionyooshwa, na kiganja ni katikati ya mji. Asubuhi vidole vyote humimina watu kiganjani, jioni kiganja huwarudisha vidoleni. Upande mmoja wa barabara hujaa hadi gari halisogei, na upande wa pili, saa ileile, una nafasi tele. Hapo ndipo ilipo asili ya foleni.

Usafiri wenyewe una historia ya kuhangaika. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianza mwaka 1974, na miaka michache baadaye likaelemewa na uhaba wa mabasi na vipuri. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria, na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ndiyo inayosemwa kuwa iliyapa magari hayo jina la daladala. Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria ya mjini. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo watu waliyaita mwendokasi kabla hata ya kuyapanda, yalianza safari katika njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Kisha yakaja madaraja ya juu: la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021.

Anayesafiri kila siku havidharau vitu hivyo. Anayekumbuka Ubungo ya zamani, pale gari lilipoweza kusimama mpaka abiria wakashuka kununua mahindi na kurudi kulikuta palepale, anajua kilichobadilika. Lakini ana neno moja ambalo twaomba lisikilizwe: daraja huondoa foleni mahali lilipojengwa, na foleni huhamia njiapanda inayofuata. Maadamu mama wa Chanika analazimika kwenda mjini kutafuta kipimo, hati, kitambaa au ajira, daraja litamfikisha haraka kwenye foleni nyingine. Dawa kubwa zaidi ni kumpunguzia sababu za kwenda.

Lipo pia jambo la kushangaza katika habari za siku hizi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa hutufikisha Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili, na Agosti mwaka huohuo safari za mpaka Dodoma zikazinduliwa rasmi. Tumefurahi kama Watanzania wenzetu. Hata hivyo, yule anayeishi ng'ambo ya Pugu huiona treni hiyo ikipita, naye akiwa kituoni akisubiri gari la kumfikisha Kariakoo kwa muda kama huohuo. Hasemi kwamba reli isingejengwa. Anauliza tu ni lini mwendo wa namna hiyo utamfikia na yeye.

Hesabu ya fundi cherehani

Chukueni mfano wa fundi cherehani mwenye familia huko Chanika na meza ya kazi Kariakoo. Tuseme hutumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, nao si mfano wa kutia chumvi. Kwa siku 6 za kazi ni saa 24. Maana yake ni kwamba kila wiki siku nzima, mchana na usiku wake, anaiacha barabarani. Akifanya kazi wiki 50 kwa mwaka, ni siku 50. Hakuna mwajiri anayemlipa kwa siku hizo, wala hazimo katika vitabu vya hesabu za mtu yeyote.

Lakini mke wake anazijua, na watoto wanazijua zaidi. Baba huyu huondoka kabla ya adhana ya Alfajiri, mtoto wa chekechea akiwa amelala. Hurudi Isha imekwisha kuswaliwa, mtoto amelala tena. Kwa siku 6 mtoto humwona baba kama mtu anavyoiona mvua ya usiku: asubuhi anaona alama tu kwamba ilipita. Siku ya 7 baba amechoka, naye analala. Mtoto akikosea shuleni, anayeitwa ni mama. Akihitimu juzuu madrasa, anayepokea habari ni mama. Tunapolaumu kizazi kipya kwa kukosa malezi, tuikumbuke hesabu hii kabla ya kunyoosha kidole.

Tena tumemtaja baba tu. Mama lishe anayeamka saa tisa usiku kuwahi sokoni yumo katika hesabu hiyo. Binti anayerudi chuoni amesimama kwenye gari lililojaa, akijikunja kukwepa mikono isiyo na haya, yumo. Na mwanafunzi yumo, tena ndiye mnyonge kuliko wote. Nauli yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na kwa sababu hiyo kondakta humwona kama kiti kilichopotea. Gari likifika kituoni, makondakta wengine huita watu wazima na kuwazuia watoto mlangoni kwa mkono. Sisi watu wazima tunapita chini ya mkono huo na kuketi. Mtoto wa miaka 9 aliyebaki kituoni hadi magari matatu yapite atafika darasani amechelewa na ataadhibiwa kwa kosa ambalo ni letu sote.

Simu iliyopunguza safari

Sasa tuje kwenye teknolojia. Wapo wanaoisifu kana kwamba itatatua kila jambo, na wapo wazee wanaoilaani kwa jumla. Mtu wa kawaida hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Yeye huipima simu kwa swali moja: imenipunguzia nini?

Jibu lake la kwanza ni safari. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, na baadaye mitandao mingine ikaja na huduma zake. Kabla ya hapo, kijana wa mjini aliyetaka kumtumia mama yake fedha huko Kondoa au Lushoto alitafuta mtu anayesafiri, akaifunga bahasha na kumwomba Mungu. Leo fedha hufika kabla mama hajamaliza kusalimiwa. Umeme wa LUKU hununuliwa ukiwa umeketi kwenye gari, na bili ya maji hulipwa kwa kumbukumbu namba bila kupanga foleni dirishani. Kila malipo ya namna hiyo ni nauli iliyobaki mfukoni na ni saa iliyobaki nyumbani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo teknolojia iliyo bora kwa mji kama huu: ile inayoifuta safari isiyo ya lazima.

Kwa hiyo twapata tabu kuelewa kwa nini bado zipo ofisi, za umma na za binafsi, zinazomtaka mtu ajaze fomu mtandaoni na kisha aje mwenyewe na kivuli cha kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na picha mbili. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na namba ya NIDA tumeitoa kila tulipoulizwa. Mtu anayetambulika kwa kidole chake haieleweki kwa nini apande magari mawili ili akaonyeshe karatasi inayosema kuwa yeye ni yeye.

Yapo pia maoni kuhusu gharama. Wengi wanakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Watu hawakusoma hotuba za bajeti, lakini waliielewa sheria ile siku ya kwanza walipotuma fedha, na mazungumzo yakajaa kwenye magari mpaka ikapunguzwa mwezi Septemba mwaka huohuo, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Tumejifunza jambo hapo: raia wa kawaida huzifuata sana habari za nchi pale zinapogusa salio lake, na aliye madarakani akitaka kujua hali ya nchi, safari moja ya daladala saa kumi na mbili asubuhi itamweleza mengi.

Habari inayopanda gari bila nauli

Lakini simu ileile iliyofuta safari imefungua mlango wa tatu, nao ndio unaotutia wasiwasi.

Zamani habari ilikuwa na saa yake. Saa mbili usiku Radio Tanzania ikisoma taarifa ya habari, nyumba nzima ilinyamaza. Baba alisikiliza, babu akauliza, watoto wakasikia watu wazima wakibishana kwa adabu. Habari ilikuwa na msomaji mwenye jina, na kosa likitokea alijulikana wa kuulizwa. Leo kila mtu ana redio yake kiganjani, na habari hufika saa yoyote bila kujulikana ilikotoka. Hufika kama sauti ya mtu asiyejitambulisha, anayeanza kwa kusema kwamba amepewa taarifa na ndugu yake aliye ndani, na anayemaliza kwa kuomba watu wote wasambaziwe.

Utaiona kazi ya ujumbe huo ndani ya gari. Abiria mmoja anaufungua kwa sauti, wa pili anasikia nusu, wa tatu anautuma kwenye kikundi cha wazazi wa shule. Gari likiwa bado halijafika Buguruni, akina mama 50 wana hofu na baadhi yao wako njiani kwenda kuwatoa watoto darasani. Kama habari ilikuwa ya uongo, hakuna atakayerudi kikundini kusema samahani. Wenye mtandao wa WhatsApp wenyewe waliliona tatizo hili: mwaka 2019 waliweka ukomo wa kusambaza ujumbe kwenye mazungumzo 5 kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukazuiwa usipelekwe zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara. Nchini kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia usambazaji wa taarifa za uongo. Hata hivyo, sheria na ukomo haviwezi kukaa kwenye kidole cha kila mtu.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada, maana tumeamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri hiyo haikuwekewa ukomo wa zama. Kinachotakiwa kwa mtumiaji wa simu ni maswali matatu mepesi: nani amesema, lini, na wapi? Ujumbe usiojibu hata moja kati ya hayo uachwe ufie kwenye simu iliyoupokea. Picha ya ajali ya nchi nyingine ya miaka iliyopita haipaswi kumliza mama wa Temeke leo.

Maswali hayohayo humkinga mtu na matapeli. Nani kati yetu hajapokea ule ujumbe wa kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii? Mwenye kuutuma hamjui mtu. Anarusha ndoana kwa maelfu, akimtegemea mmoja ambaye kweli ana deni la kodi ya nyumba na yumo kwenye gari lililojaa, akili imechoka. Dawa yake ni kumpigia mwenye nyumba kwa namba uliyoizoea. Ni dakika moja tu, nayo imeokoa kodi ya miezi mingi.

Nyumbani

Tufike sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike. Barabara tumelazimishwa. Hakuna aliyechagua kukaa saa nne kwa siku kwenye foleni. Lakini yule fundi wetu akishafika nyumbani, akavua viatu, akaketi mkekani, saa inayobaki ni yake. Mara nyingi ndiyo saa anayoitoa mfukoni simu na kuitazama mpaka usingizi umchukue. Mtoto aliyejilazimisha kukesha ili amwone baba anaona uso wake umeangazwa na mwanga wa simu.

Tunajua majibu yake, na si ya kupuuzwa. Mtu aliyesimama tangu Karume, aliyekanyagwa na kutukanwa, naye anahitaji kucheka. Simu humletea kichekesho, mpira, sauti ya rafiki aliye Mwanza. Ni mapumziko ya bei ndogo kuliko yote aliyonayo, na anayemwambia aache aseme kwanza atampa mapumziko gani mengine. Hatumwambii aache. Tunasema tu kwamba njia ya saa mbili ina nafasi ya kutosha kwa vichekesho vyote, na kwamba nyumbani kuna watu wasioweza kuhifadhiwa ili watazamwe kesho. Mtoto wa miaka 5 ana miaka 5 kwa mwaka mmoja tu.

Mama naye asionewe. Katika nyumba nyingi yeye ndiye aliyebeba siku nzima peke yake, na simu ndiyo dirisha lake la pekee. Makubaliano yakiwekwa, yawe ya wote wawili, pamoja na kijana wa kidato cha tatu aliyejifungia chumbani na kifurushi cha usiku.

Tufanye nini

Kwa wenye mamlaka, tunaomba huduma zisogezwe walipo watu: masoko makubwa, ofisi za vitambulisho na vipimo vya hospitali viwe pembezoni pia, na jambo linalokamilika mtandaoni likamilike hukohuko. Kwa waajiri, wapo ambao kazi yao inaruhusu kuingia saa tatu badala ya saa moja. Saa moja ikisogezwa kwa baadhi ya watu, gari hupungua msongamano na mzazi hupata kula kifungua kinywa na wanawe. Kwa wenye magari na makondakta, mwanafunzi ni amana. Na kwa sisi abiria, mkono ukiwekwa mlangoni kumzuia mtoto, tuseme neno. Konda mmoja hawezi kushindana na gari zima.

Kwa familia, pendekezo letu ni dogo. Iwekwe sahani au kikapu juu ya kabati, na kila anayeingia jioni aiweke simu humo, sauti ikiwa imewashwa kwa ajili ya dharura, kwa muda wa nusu saa. Katika nusu saa hiyo watu wale pamoja, waulizane habari za siku, na mtoto asome hata mistari mitatu mbele ya mzazi wake. Baba anayechelewa kurudi ampigie mwanawe simu akiwa kwenye foleni, kabla ya saa ya kulala. Hapo simu itakuwa imefanya kazi yake njema: kumfikisha baba nyumbani kabla gari halijafika.

Nusu saa kwa siku 6 ni saa 3 kwa wiki. Mbele ya zile saa 24 za barabarani ni kidogo, lakini ndizo zilizo mikononi mwetu leo, kabla ya barabara kupanuliwa na kabla ya reli kuwafikia watu wa Chanika. Mwenyezi Mungu azibariki saa zetu na awalinde wasafiri wetu wa asubuhi na wa jioni. Wabillahi tawfiq.